Kuielewa mitindo ya uandishi na vipengele vinavyoijenga

WATU wawili wanaweza kulishuhudia tukio lilo hilo, wakalieleza kwa ukweli mtupu, na bado maandishi yao yakatofautiana kama mbingu na ardhi. Tofauti hiyo ndiyo huitwa mtindo.

Katika taaluma ya lugha na fasihi, mtindo ni namna mwandishi anavyoteua na kuyapanga maneno ili kuufikisha ujumbe wake. Hujumuisha msamiati anaouchagua, urefu wa sentensi zake, nafsi anayoitumia, jinsi anavyoyapanga matukio na hisia anazoziibua kwa msomaji. Methali husema kila ndege huruka kwa ubawa wake, na ni kweli kwamba kila mwandishi ana mkono wake. Hata hivyo, ndege mwerevu huutazama upepo pia kabla ya kuruka. Mtindo hujengwa na majibu ya maswali manne ambayo kila mwandishi huyajibu, ajue asijue: Nani anasema? Anamwambia nani? Ana lengo gani? Anakitumia chombo gani?

Kuyapuuza maswali haya kuna gharama. Barua ya malalamishi iliyosheheni mapambo hadi ombi likapotea huenda ikaishia kwenye faili. Maagizo ya dawa yakiandikwa kwa lugha ya mzunguko, mgonjwa anaweza kumeza vidonge vya siku nzima kwa mpigo mmoja. Mtahiniwa anayeandika ripoti kana kwamba anasimulia ngano hupoteza alama ingawa Kiswahili chake ni sanifu. Ndiyo maana kuielewa mitindo ya uandishi si kazi ya washairi na waandishi wa riwaya peke yao.

Aina kuu za uandishi

Kwa jumla, maandishi ya nathari hugawika katika makundi manne kulingana na lengo lake.

Kundi la kwanza ni masimulizi. Haya hueleza matukio yanayofuatana na humfanya msomaji atake kujua yatakayotokea baadaye. Hadithi fupi, riwaya, tawasifu na visa vya safari vimo katika kundi hili.

La pili ni maelezo, yanayolenga kumwonyesha msomaji sura ya mtu, mahali au kitu. Mwandishi huzitegemea hisi tano: kinachoonekana, kinachosikika, kinachonusika, kinachoonjwa na kinachogusika.

La tatu ni ufafanuzi. Lengo hapa ni kufundisha au kuarifu: namna ya kupanda mahindi, jinsi mswada unavyogeuka kuwa sheria, au chanzo cha maradhi fulani. Uwazi na mpangilio ndio uti wa mgongo wa maandishi haya.

La nne ni hoja, ambazo hukusudia kumshawishi msomaji akubali msimamo au achukue hatua. Tahariri, hotuba za kisiasa, mijadala na mahubiri huingia hapa. Dai lisilo na ushahidi huporomoka hata likitamkwa kwa ufasaha wa namna gani.

Makundi haya hayana mipaka ya chuma. Hotuba nzuri huweza kusimulia kisa kifupi ili kuithibitisha hoja, nayo riwaya huweza kuwa na kurasa nzima za maelezo. Jambo la muhimu ni mwandishi kujua lengo kuu ni lipi, na mengine yalitumikie hilo.

Shuleni, mgawanyo huu huonekana katika insha. Katika Karatasi ya Kwanza ya Kiswahili ya mtihani wa KCSE, mtahiniwa huandika insha mbili zenye alama 20 kila moja. Ya kwanza, ambayo ni ya lazima, huwa aghalabu insha ya kiuamilifu kama vile barua, ripoti, hotuba au kumbukumbu za mkutano. Ya pili huteuliwa miongoni mwa maswali mengine, likiwemo la methali. Kwa maneno mengine, mtahiniwa hutakiwa abadilishe mtindo wake kabla karatasi haijakusanywa.

Tukio moja, mitindo mitano

Njia rahisi ya kuutambua mtindo ni kulichukua tukio moja na kulivisha mavazi tofauti. Tuseme mvua kubwa imenyesha usiku, mto umefurika, na daraja la mbao linalotumiwa na wanafunzi limesombwa.

Gazeti lingeandika hivi: "Wanafunzi 200 walikosa masomo jana baada ya daraja wanalolitumia kwenda shuleni kusombwa na mafuriko." Jambo kuu limetangulia. Mhariri akizikata aya za mwisho kwa uhaba wa nafasi, habari yenyewe itabaki.

Kumbukumbu za kamati ya shule zingesema: "Mwenyekiti aliwaarifu wanachama kuwa daraja lilisombwa usiku wa tarehe 12. Iliafikiwa kwamba katibu amwandikie mhandisi wa kaunti kabla ya mwisho wa juma." Hapa hakuna hisia wala tamathali. Kinachohitajika ni kilichosemwa, kilichoamuliwa na aliyekabidhiwa kazi.

Barua ya katibu huyo ingekuwa hivi: "Ninaandika kwa niaba ya wazazi kukuomba daraja hili lijengwe upya kabla ya muhula ujao kufunguliwa. Wanafunzi 200 sasa hulazimika kuzunguka mwendo wa kilomita saba." Ombi limetajwa katika sentensi ya kwanza, muda umewekwa, na sababu ina tarakimu.

Tangazo kando ya mto lingekuwa na maneno machache zaidi: "HATARI! Daraja limevunjika. Usivuke. Tumia njia ya sokoni." Anayelisoma anatembea, pengine mvua inamnyeshea, na uhai wake u hatarini. Sentensi ndefu ingekuwa dhuluma kwake.

Mwandishi wa hadithi naye angeanza hivi: "Mto ulinguruma usiku kucha. Alfajiri, Zawadi alifika ukingoni, daftari zake kwapani, akasimama. Palipokuwa na daraja palikuwa na maji tu, mekundu kama udongo wa shamba la babake." Idadi ya wanafunzi haikutajwa. Badala ya watoto 200, msomaji amepewa mtoto mmoja, na amesimama naye ukingoni.

Hakuna mtindo kati ya hii mitano ulio bora kuliko mwingine. Lakini yakibadilishana nafasi, maandishi hayo yote yataharibika. Mhandisi akiletewa kisa cha Zawadi bila ombi lolote, atasikitika kisha ageukie faili nyingine. Hadithi ikianza kwa mtindo wa kumbukumbu, msomaji atakifunga kitabu.

Uteuzi wa msamiati

Kipengele cha kwanza kinachoujenga mtindo ni neno lenyewe. Kiswahili kina utajiri wa visawe, ila visawe hivyo havilingani kwa uzito. Mfano mzuri ni maneno yanayohusu kifo. Gazeti huandika kwamba mtu "alifariki". Tanzia husema "aliaga dunia" au "ametuacha", kwa kuwa waliofiwa wanaisoma. Ripoti ya polisi hulazimika kutofautisha "alikufa" na "aliuawa", maana kesi nzima huweza kusimama juu ya tofauti hiyo. Msimulizi wa hadithi anaweza kusema "alikata roho", au kwa kejeli, kwamba mhusika "ameenda jongomeo". Maana ya msingi ni moja. Mahusiano kati ya msemaji, marehemu na msikilizaji ndiyo yanayobadilika.

Hali kadhalika, Sheng huweza kufaa mno kinywani mwa mhusika wa mtaani katika tamthilia, ilhali katika barua ya kuomba kazi humfanya mwombaji aonekane hajui anamwandikia nani. Lugha ya kitaaluma nayo huwafaa wataalamu wanapoandikiana, lakini humwacha mwananchi gizani inapotumiwa katika ilani ya umma.

Sarufi nayo ni mtindo

Wengi hudhani kuwa mtindo ni tamathali za usemi pekee, kama tashbihi, sitiari na tashihisi. Ukweli ni kwamba sarufi ya Kiswahili yenyewe ni ghala la mitindo.

Kiambishi "-ka-" hubeba mwendo wa masimulizi: "Alifika, akasimama, akatazama, akarudi." Kila tendo linalisukuma linalofuata, na msomaji huvutwa mbele. Kiambishi "hu-" hufanya kinyume, kwani huusimamisha wakati na kueleza desturi: "Wavuvi hurudi alfajiri." Ndiyo sababu makala ya ufafanuzi huitegemea sana "hu-", huku hadithi ikiitegemea "-ka-".

Kauli ya kutendwa ni kipengele kingine chenye nguvu. Sentensi "Fedha zilitumiwa vibaya" haimtaji mtendaji. Ikiwa mwandishi hamjui, sentensi hiyo ni ya haki. Lakini ikiwa anamjua na amenyamaza, sarufi imegeuka pazia. Msomaji makini wa ripoti na taarifa za umma hana budi kujiuliza kila anapokutana na kauli hiyo: ni nani aliyetenda?

Vivyo hivyo kuhusu mrundiko wa nomino. "Utekelezaji wa mradi wa ujenzi wa daraja unatarajiwa kuanza" ni sentensi sahihi kisarufi, ila hakuna mtu ndani yake. "Wajenzi wataanza kulijenga daraja Jumatatu" ni fupi, ina watu, ina siku, na mwananchi anaweza kuwauliza walioahidi.

Ngeli nazo hubeba hisia. "Nyumba" ikiwa "jumba", imekuzwa. Ikiwa "kijumba", imedunishwa. "Mtu" akiitwa "jitu" anatisha, na akiitwa "kijitu" amedharauliwa. Mwandishi wa habari anayetaka kutopendelea upande wowote hulazimika kujihadhari na viambishi hivi, kwani silabi moja yatosha kutoa hukumu.

Nafsi, sentensi na toni

Nafsi ya msimulizi huamua msomaji ataona nini na hataona nini. Marehemu Ken Walibora aliidhihirisha tofauti hiyo katika riwaya zake mbili mashuhuri. Katika Siku Njema, iliyochapishwa mwaka wa 1996, Kongowea Mswahili anasimulia maisha yake kwa nafsi ya kwanza. Msomaji anajua anachokijua Kongowea na kuumia anapoumia yeye. Katika Kidagaa Kimemwozea, ya mwaka wa 2012, msimulizi yuko nje ya matukio. Anaweza kuingia katika makao ya Mtemi Nasaba Bora na pia kuwafuata Amani na Imani wanaonyanyaswa. Riwaya ya kwanza ni safari ya mtu mmoja, hivyo "mimi" ikafaa. Ya pili inaimulika jamii nzima na uongozi wake, na jicho la mtu mmoja lisingetosha.

Urefu wa sentensi huweka mapigo. Sentensi fupi huharakisha na kushtua. Ndefu hutuliza, huunganisha mawazo na kumpa msomaji nafasi ya kutafakari. Maandishi yenye sentensi za urefu mmoja tangu mwanzo hadi mwisho huchosha kama ngoma yenye mdundo mmoja.

Toni ni msimamo wa kihisia wa mwandishi kuhusu anachokisema: ya heshima, ya kejeli, ya huzuni au ya hasira. Mwana Kupona binti Msham, mshairi wa Pate, alimtungia bintiye utenzi mwaka wa 1858, na toni yake ni ya mama anayeusia. Utenzi huo una mishororo mifupi ya mizani nane na kina cha mwisho kinachojirudia ubeti hadi ubeti. Umbo hilo husaidia kumbukumbu, na wosia hutolewa ili ukumbukwe.

Mtindo na zama za mwandishi

Mbali na lengo na msomaji, mtindo huchongwa na zama. Mwandishi anayeishi katika mazingira ambamo kusema wazi ni hatari hutafuta njia ya kupitia.

Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka wa 1909 na kufariki mwaka wa 1962, alifanya kazi ya ukarani chini ya serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Kusadikika, iliyotoka mwaka wa 1951, inasimulia habari za nchi ya kubuni iliyo angani, ambamo Karama anashtakiwa kwa kutaka kuwafunza watu sheria, na mshtaki wake anaitwa Majivuno. Majina ya wahusika ni tabia zao. Wahakiki wengi wameisoma riwaya hiyo kama fumbo kuhusu utawala wa kikoloni. Mtindo wa istiari ulimwezesha kuujadili udhalimu bila kumtaja mdhalimu.

Nchini Kenya, Abdilatif Abdalla alionja tofauti ya mitindo kwa mwili wake. Waraka wake Kenya: Twendapi? uliikosoa serikali waziwazi, naye akafungwa tangu mwaka wa 1969 hadi mwaka wa 1972. Akiwa kizuizini alitunga kwa siri mashairi yaliyochapishwa mwaka wa 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Humo mnakutana vina, mizani, lahaja ya Kimvita na mafumbo, likiwemo shairi la "Mamba", ambalo mnyama wake hueleweka kuwa ni zaidi ya mnyama. Mwandishi ni mmoja na dhamira zinakaribiana, lakini waraka ulikusudiwa kuwaamsha raia papo hapo, nayo mashairi yalikusudiwa kudumu kuliko kuta za jela.

Katama Mkangi naye aliliweka fumbo lake kwenye jina la kitabu. Walenisi, riwaya ya mwaka wa 1995, husomeka kama nchi ya mbali ya kubuni. Msomaji akilitenganisha jina hilo hupata "wale ni sisi", na mara nchi ya mbali inakuwa nyumbani.

Mwandishi mmoja pia anaweza kubadilika. Euphrase Kezilahabi aliandika Rosa Mistika mwaka wa 1971 kwa masimulizi ya moja kwa moja yanayoweza kufuatwa na msomaji wa kawaida. Takriban miongo miwili baadaye, katika Nagona ya mwaka wa 1990 na Mzingile ya mwaka wa 1991, aliuvunja mfuatano wa matukio, na msomaji akajikuta kama aliye ndotoni. Maswali yake yalikuwa yamehama kutoka maisha ya msichana mmoja hadi maana ya kuwapo kwa binadamu, na umbo la zamani halikuweza tena kuyabeba. Kabla ya hapo, diwani yake ya Kichomi, ya mwaka wa 1974, ilikuwa tayari imechochea mjadala mkali kuhusu mashairi yasiyofuata vina na mizani.

Makosa yanayoharibu mtindo

Kosa linalojitokeza sana, hasa miongoni mwa wanafunzi, ni kukariri mapambo na kuyapachika popote. Insha inaanza kwa macheo, miale ya jua na ndege wanaotumbuiza, hata ikiwa mada ni ajali ya usiku wa manane. Methali sita zinarundikwa katika aya moja, tanakali za sauti zinamiminwa, na kisa chenyewe hakionekani. Pambo lililokaririwa haliwezi kuwa la mwandishi, kwa sababu halikutokana na jambo analolieleza.

Kosa la pili ni kuchanganya sajili bila sababu, kama vile kumwandikia mkurugenzi barua rasmi kisha kuihitimisha kwa maneno ya kirafiki.

La tatu ni kudhani kuwa ugumu ni usomi. Mwandishi hupekua kamusi akitafuta neno ambalo jirani yake hajawahi kulisikia, ilhali lipo jepesi lenye maana ileile. Neno gumu lina nafasi yake pale tu ambapo hakuna jingine linaloweza kuifanya kazi hiyo.

La nne ni kutafsiri kutoka Kiingereza neno kwa neno. Sentensi hutoka ikiwa na maneno ya Kiswahili na mifupa ya kigeni. Dawa yake ni kuisoma kwa sauti na kujiuliza iwapo Mswahili angeisema hivyo barazani.

Namna ya kuukuza mtindo

Mtindo haununuliwi wala haukaririwi, lakini hukuzwa. Hatua ya kwanza ni kusoma kwa upana: magazeti, riwaya, tenzi, sheria, hotuba na hata matangazo. Msomaji anayetaka kuandika asiishie kuuliza kitabu kinasema nini. Aulize pia kimesemaje, na kwa nini hivyo.

Hatua ya pili ni kuandika jambo moja kwa sura mbalimbali. Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi tukio moja la shuleni na kuwataka waliandike kama habari, kama barua kwa mzazi na kama hadithi. Zoezi hilo hufichua haraka nani anaelewa na nani amekariri.

Hatua ya tatu ni kuhariri. Rasimu ya kwanza huandikwa kwa ajili ya mwandishi. Ya pili huandikwa kwa ajili ya msomaji. Katika rasimu hiyo ya pili, kila neno liulizwe linafanya kazi gani, na lisilo na kazi lifutwe bila huruma.

Hatimaye, mwandishi amweke mbele ya macho yake mtu mmoja atakayeyasoma maandishi hayo: mhandisi mwenye faili mia mezani, mama anayeisoma karatasi ya dawa usiku kwa mwanga wa taa ya mafuta, au mpita njia anayekaribia mto uliofurika. Akishamwona mtu huyo na kulijua analolihitaji, nusu ya maamuzi kuhusu mtindo atakuwa amekwisha kuyafanya.